Neno Lililotupeleka Piana-Mwanga

Tuliondoka Kalemie, wakati ule bado ikiitwa Albertville, kwa sababu ya neno moja. Mbunge wetu alitaka bwawa dogo kwenye kijito cha mlimani, zahanati ya mtaa ipate umeme nasi tuache kuchota maji machafu ziwani. Mkutanoni akasema, "Tutafunga mayi." Akina mama wakainuka wote, wakaenda zao. Kwetu afungaye maji ni yule yule afungaye mvua, yaani mchawi. Msemaji wao, Mama Feza, alikuwa na shamba la mihogo ukingoni pa kijito, na bila ridhaa yake hapangechimbwa hata shimo. Mbunge hakukasirika. Alimwomba waende pamoja Piana-Mwanga akaone bwawa kubwa la umeme kwa macho yake. Nami, karani wa reli, nikachukuliwa kuwa shahidi.

Alfajiri tulipanda treni. Mpaka Kabalo ni siku nzima, na siku nzima mbunge alizungumza. Mtu yule alikuwa na maneno! Alisema umeme ni mtoto wa maji, na maji ni mtoto wa miti. Anayelima hadi ukingoni anamuua bibi, kisha anangoja mjukuu azaliwe. Mama Feza alimenya karanga zake. Mimi, nakiri, yaliniingia.

Kutoka Kabalo tulipanda lori la Manono. Mbunge alimwachia Mama kiti cha mbele, akaja kuketi nami nyuma juu ya magunia, na suti yake, vumbini. Wakubwa niliowaona tangu uhuru ni wengi. Wa magunia alikuwa huyo tu.

Siku ya tatu, Piana-Mwanga. Mama Feza aliutazama mto Luvua juu ya bwawa, akashuka peke yake hadi chini ya mitambo, akachovya mkono majini, akaunusa. Akarudi polepole.

"Mayi inaingia huku, inatoka kule," alisema. "Haufunge kitu, Papa. Unaichunga tu. Juu ya nini ulituambia unafunga?"

Kuchunga, kwetu, ni kutunza.

"Nilikosa, Mama," mbunge akasema. "Utanifundisha kusema."

Tuliporudi, aliita mkutano, akakiri kosa lake mbele ya watu wote, akampisha Mama Feza aeleze. Wanawake walimsikiliza. Mmoja akauliza, na mihogo yako je?

Kesho yake asubuhi tulimkuta Mama Feza ukingoni, akiuachia miti, aking'oa mihogo ambayo haijakomaa, mingine mizizi yake kama kidole. Alikuwa analia. Safarini nilidhani nimejifunza mambo ya umeme; hapo ndipo nilipojua unatoka wapi. Mbunge alivua koti, akaingia shambani, akashika shina.

"Usilie, Mama," alimwambia.

"Uniache nilie, Papa. Weye ng'oa tu."