Kifaranga wa Njano na Daktari wa Rangi

Kasuku wangu wawili, wote kijani kibichi, waliangua kifaranga wa njano mwenye macho mekundu.

Msinicheke. Mimi ni msusi, ndege nafuga kwa kupenda tu. Ni wale kasuku wadogo wenye midomo myekundu, jozi moja, kwenye banda la waya nyuma ya saluni. Humo hata shomoro hapenyi.

Jirani yangu muuza mkaa alichungulia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Jike lako limechepuka!"

Wateja wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Kisha nikamwona dada yangu mlangoni, amemshika mwanawe mkono. Nikatamani ardhi inimeze.

Mtoto wa dada ana ualbino. Baba na mama yake ni weusi tii.

Siku alipozaliwa, shemeji alimtazama mara moja tu, akatoka wodini. Akaitisha kikao sebuleni kwa mama yake, akatamka mbele ya ukoo mzima: "Kwetu hakuna mtu wa hivi. Huyu mwanamke akamtafute mwenye mtoto." Mabegi ya dada yakatupwa nje. Tangu hapo anaishi kwangu, na mtaa wa wakwe zake hapiti hata akiambiwa kuna njia ya mkato.

Mtoto, yeye hana habari na hayo. Aling'ang'ania waya wa banda akirukaruka.

"Mama mdogo, ana nywele kama zangu!"

Dada akageuza uso ukutani.

Ile kauli ya muuza mkaa ikanikaa kooni. Nikaingia kwenye kundi la wafugaji wa kasuku kwenye simu. Mle kila mtu ana jina la bandia. Mimi ni Mama Manyoya. Nikatuma picha, nikauliza: hii njano imetoka wapi? Jike limekosea?

Majibu yakamiminika. Mmoja akasema ni chakula, mwingine jua kali, mwingine akaniambia nimempaka rangi nitafute sifa.

Ndipo akaingia Daktari wa Rangi. Huyo ndiye kigogo wa kundi. Ukipata ndege wa rangi adimu, unamuuliza yeye, na kusema kweli hana uchoyo, anamfundisha yeyote. Siku zote huandika, lakini siku hiyo akatuma ujumbe wa sauti.

"Mama Manyoya, jike lako halina kosa. Rangi hiyo hujificha. Baba anayo, mama anayo, na kwa macho wote ni kijani kabisa. Inaweza kukaa kimya vizazi na vizazi. Kifaranga akiipokea kwa wote wawili, ndipo inatokeza. Mmoja peke yake hawezi kuileta. Usilitenge jike, dada yangu. Ukitaka kulaumu, anza na dume."

Kundi zima likampongeza. Mimi mashine ya kukaushia nywele ikaniponyoka.

Sauti ile naijua. Ndiyo iliyosema "akamtafute mwenye mtoto".

Shemeji!

Kwamba anafuga nilijua, alikuwa na ndege tangu kabla hajaoa. Sikujua tu kwamba Daktari ni yeye. Naye hakujua Mama Manyoya ni nani.

Damu ilinichemka. Nilimwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa, nikampelekea dada simu. Alisikiliza, akasikiliza tena. Nilidhani atalia.

"Yeye simtaki tena," alisema. "Jina langu ndilo nalitaka. Alilichafua sebuleni kwa mama yake, akalisafishe palepale."

Tukaenda, na mtoto tukamchukua. Tulimkuta shemeji na mama yake na shangazi zake wawili.

"Mmefuata nini hapa?"

"Tuna swali la ndege, shemeji," nikasema, nikabonyeza simu.

Mama mkwe alianza kwa kutabasamu, kasikia sauti ya mwanawe ikifundisha watu. Ilipofika "anza na dume", tabasamu lilikuwa limeshayeyuka.

"Mama, hapo nilikuwa naongelea ndege," shemeji akawahi.

"Haya umeyajua lini?" dada akauliza.

Shemeji akageukia dirishani.

"Mjibu mwenzako!" mama yake akafoka.

"Tangu nianze kufuga."

"Kwa hiyo mtoto anazaliwa, ulikuwa unajua?" dada akasema.

Akainamisha kichwa. "Watu wangesema imetoka kwetu."

Jamani! Alijua! Mimi miaka yote nilimhesabu mjinga, nikajaribu hata kumwonea huruma. Kumbe aliijua kweli yote, akamvika mke wake uchafu ili yeye abaki msafi. Nilinyanyua mkono, na kama dada asingenidaka, ningemzaba kibao.

Shangazi mmoja akaanza kulia. Mama mkwe akapiga magoti, akamnyooshea mtoto mikono.

"Mjukuu wangu, njoo kwa bibi."

Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mama yake.

"Hakufahamu, mama," dada akasema kwa upole. "Hukuwahi kumbeba."

Tukaondoka.

Kundini bado nimo. Daktari alijitoa siku ileile, sasa maswali ya rangi nayajibu mimi. Nimekopi maneno yake kama yalivyo, maana ni ya kweli, ila mwishoni naongeza langu moja: na binadamu ni vivyo hivyo, kwa hiyo kabla hujawafundisha wageni, kamwambie mkeo.

Na wa kwanza niliyemwambia maneno hayo alikuwa muuza mkaa.