Siku Niliyoyaziba Matundu ya Yaya Mulumba

Nikianza kuisimulia hii, mkono wangu wa kulia hujificha mfukoni wenyewe, maana ndio uliofanya ule uhuni mbele ya watu karibu thelathini, na mimi mwenye mkono nimesimama pale natabasamu, nikidhani nashangiliwa.

Asubuhi ile ya Jumamosi nilitoka kwenye fleti ya Hillbrow na begi langu bila kujua naenda wapi. Kwangu si jambo geni. Shule niliiacha Singida nikiwa darasa la sita, na tangu hapo nikiiona barabara nataka kujua inaishia wapi, ndivyo nilivyofika Johannesburg, nikipaka rangi nyumba za watu huku, nikichoma mahindi kule. Miezi miwili nilikuwa nalala kwenye kochi la Yaya Mulumba (yaya kwao ni kaka mkubwa), Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi wa getini, mtu mpole hadi akimkanyaga paka anamwomba radhi. Ila siku hiyo shemeji yake alikuwa anawasili na watoto watatu, kochi limepata wenyewe, nikaona niondoke kabla sijaambiwa.

Nikamkuta chini mlangoni, amevaa fulana ya klabu yao ya kulenga shabaha, anasubiri gari.

"Mudogo yangu, unaenda wapi na sakoshi yote hii?"

"Sijui bado, Yaya."

"Basi kama haujui, kuya tuende kwa mashindano. Leo nakosa mutu wa kunishangilia."

Uamuzi wenyewe ndio huo. Nikapanda bakkie, yaani pikapu, ya mwenzake wa kazini, nikakaa nyuma na begi langu na baridi ya Julai.

Lazima mjue siku hiyo ilikuwa na uzito gani. Kampuni yake ilikuwa inatafuta mwalimu mmoja wa kuwafundisha walinzi wapya bastola, na mkubwa wao, Bwana Khumalo, alikuwa amesema atakuja mwenyewe kuwatazama walinzi wake wakishindana na wengine. Yaya Mulumba amesimama getini miaka tisa, mvua yake, jua lake, magoti yameanza kulia kama bawaba. Miezi yote miwili nilimwona akijizoeza kwenye korido ya ghorofa ya tisa, mkononi rimoti ya televisheni badala ya bastola, anaingia mlangoni, anageuka, analenga kalenda ya kanisa, anarudi kuanza tena (majirani walishazoea, yule mama wa chumba cha mwisho alikuwa anainua mikono juu kila akipita na ndoo). Na tukitembea mjini alikuwa ananitahini. Tukisimama kwenye roboti, taa za barabarani zikiwa nyekundu, ananiambia nifumbe macho, halafu: "Kwa kona kule kuko batu wangapi? Nani anashika simu?" Nilikuwa nakosa kila mara. "Kupiga ni nusu ya kazi," anasema. "Nusu ingine ni kuona."

Uwanja uko kusini mwa jiji, nyuma ya vilima vya manjano vya mchanga wa migodi. Nilidhani nitakuta watu wamejipanga mstari wakilenga vibao vya duara. Wapi! Kuna vyumba vya mbao visivyo na dari, madirisha, milango, mapipa, na shabaha za maboksi zimefichwa humo, na mshindani anakimbia humo kwa saa inayohesabu hadi sehemu ndogo za sekunde. Kabla ya kuanza wanapewa dakika chache wapite bila silaha, na hapo ndipo nilipocheka, watu wazima na ndevu zao wananyoosha vidole kama bastola, wanafumba macho, wananong'ona, wanayumba kushoto na kulia, kama watu wanacheza muziki unaosikika vichwani mwao tu.

Msimamizi wa sehemu yetu, wanayoiita kituo, alikuwa Tannie Elsa (tannie ni shangazi, kwa lugha ya Kiafrikana), mama mfupi mwenye kofia ya majani na sauti ya kusimamisha treni. Akanipa vizuia sauti vikubwa vya kuvaa masikioni na bunda la stika za rangi ya boksi.

"Hapa hakuna mtazamaji," akaniambia. "Kila mtu anaziba matundu. Mimi nasoma alama kwa sauti, mwenzangu anaandika, ninyi mnafuata nyuma mnaziba, ili anayefuata akute shabaha safi. Umeelewa?"

"Sharp, Tannie!" nikajibu, kama mwenyeji.

Nikaziba vizuri kwa washindani wanne. Ila kichwa changu hakitulii, nikaona hawa watu wanapoteza muda. Nilipopaka rangi nyumba Soweto tulikuwa tunagawana, mmoja anaanza kulia, mwingine kushoto, mnakutana katikati, kazi imekwisha. Nikajiambia, ngoja Yaya akimaliza nitaanzia mwisho kabisa, niwaonyeshe.

Yaya akaitwa. Mlio wa saa ukalia na yule mpole mwenzangu akatoweka, akawa maji, mlango wa kwanza, pa pa, dirishani, pa pa, magazini ya risasi inaanguka, nyingine imeshaingia, hata sikumwona akivuta pumzi. Alipomaliza Tannie akasoma saa, watu wakapiga mluzi, na Bwana Khumalo, ambaye alikuwa amekaa na kikombe chake tangu asubuhi, akasimama. Bastola ikakaguliwa, ikaonekana tupu, ikarudi kiunoni, Tannie akatangaza uwanja uko salama.

Mimi huyo, mbio hadi mwisho.

Nikaziba ya kumi, nikaziba ya tisa. Nyuma ya pipa la bluu nikaikuta shabaha haina tundu hata moja, nikajiambia kuna mtu mwepesi kuliko mimi, nikaendelea. Nikageuka nikaona watu wananipungia mikono, wote, midomo wazi, Tannie anaruka na kofia imeanguka. Na mimi na vizuia sauti vyangu masikioni! Nikawapungia nami, nikaonyesha dole gumba, nikaongeza kasi. Nilimaliza shabaha ya tano ndipo mkono wa Tannie ukaninyanyua kikombe kimoja cha sikio.

"ACHA KUBANDIKA!"

Alama zilikuwa zimesomwa za shabaha nne tu. Sita zilizobaki nilikuwa nimeshazipitia. Hakuna aliyejua Yaya alipiga wapi, na sheria yao ni moja, kisichosomeka hakihesabiwi, mshindani arudie kituo chote. Ile mbio, nzuri kuliko zote za maisha yake, nilikuwa nimeifuta kwa gundi. Nikarudi nyuma ili nimpishe Tannie, nikajikwaa kwenye shabaha ya chuma, ikaanguka na mlio ambao hata kwa vizuia sauti niliusikia.

"Eish," akasema mtu mmoja, "huyo naye mwandikieni alama."

Walicheka wote isipokuwa Yaya Mulumba na mimi. Alikuwa amekaa kwenye tofali, anajaza risasi kwenye magazini moja moja, anatazama viatu vyake. Nikamwendea.

"Yaya, nipige."

"Nikupige, nitapata nini?" Halafu akatabasamu kidogo. "Ulikuwa unakimbia kama mutu anaiba mahindi."

Hapo ndipo ile shabaha ya nyuma ya pipa ikanirudia. Kama mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika huku mwisho, nani aliiziba? Nilitaka kunyamaza, maana nimeshamnyang'anya alama, sasa nimnyang'anye na kujivunia? Lakini nikamwambia. Nyuma ya pipa la bluu hapakuwa na tundu.

Akaacha kujaza. Akafumba macho, nikaona kidole chake kinatembea hewani, mlango, dirisha, dirisha. Kikasimama.

"Sikuiona," akasema taratibu. "Mama yangu, nilipita. Nilikuwa naangalia saa ndani ya kichwa."

Nikadhani atakaa nalo moyoni. Yeye akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Tannie Elsa, na Bwana Khumalo akiwa hatua mbili tu kutoka pale, akamweleza kwamba huenda ile mbio haikuwa nzuri, kuna shabaha aliiruka, shahidi ni mbandikaji.

Tannie akanitazama, akamtazama. "Mimi siandiki nisichokiona, kiwe kizuri kiwe kibaya. Rudia."

Akarudia. Safari hii hakuwa maji, alikuwa mtu. Dirishani alisimama, akainamisha shingo, nikaona macho yake yanatangulia na mikono inafuata, pa pa, nyuma ya pipa. Saa ilisoma sekunde tatu zaidi ya mwanzo. Nilisimama mikono nyuma, kila kidole kimeshika mwenzake, wakati Tannie anasoma shabaha zote kumi, na zote zilikuwa na matundu mawili mawili.

Alimaliza wa sita katika mashindano yote. Bwana Khumalo akaja, akamshika bega. "Wapo walinzi wangu wawili waliokushinda kwa mbio. Jumatatu usiende getini, njoo ofisini. Mwalimu nataka anayesema alichokikosa."

Yaya Mulumba alinigeukia, akanikumbatia hadi begi likanidondoka begani, na Tannie Elsa akaliona.

"Na wewe unahama?"

"Nimeshahama, Tannie. Sijui tu ni wapi."

Akaniangalia kama anayepima ubao. Akaniambia mtunza uwanja wake alikuwa amerudi kwao Limpopo, chumba nyuma ya stoo kiko wazi, na kazi ni kufagia maganda ya risasi, kusimamisha shabaha, na (hapa akanyanyua kidole) kuziba matundu nikiambiwa, siyo nikijisikia.

Jua lilikuwa bado halijazama kwenye vilima vya mchanga nilipoingia chumbani. Kitanda, meza, kioo cha dirisha kina tundu la ukubwa wa sarafu, baridi inapita humo kama ina funguo. Nikatia mkono mfukoni nikakuta stika zimebaki. Nikabandua moja, nikainyoosha kuelekea kwenye kioo, halafu mkono ukasimama wenyewe.

Nikatoka nje, nikavuka uwanja wote hadi kwa Tannie Elsa aliyekuwa anafunga gari lake.

"Tannie, kuna tundu dirishani. Umeshalisoma?"

Alicheka hadi akashikilia mlango wa gari. "Nimelisoma," akasema. "Bandika."