Kalibu na Tofali

Déborah Ngondo alipenda kumwonyesha kila mtu madirisha. Alifungua kompyuta yake, akavuta dirisha la nyumba aliyoichora mpaka likapanuka, na papo hapo, pembeni, hesabu ya matofali ikashuka yenyewe.

"Ona! Ona inakimbia!"

Mafundi wengi wa Kamina walikadiria nyumba kwa kuhesabu hatua kiwanjani. Yeye aliijenga nzima kwenye kioo, kisha akaiuliza inataka nini.

Safari hii ilikuwa nyumba ya kujifungulia ya mtaa wao. Kompyuta ilisema matofali 18,005. Mjomba wake Monga, mchomaji wa matofali, akapanga hayo tanuruni, na machache ya ziada kufidia yatakayovunjika. Mawingu yalishaanza kujikusanya. Tanuru likiwashwa, hakuna tofali jingine mpaka kiangazi kijacho.

Asubuhi ya kuwasha, kompyuta ilikaa juu ya tofali la mwaka jana ili ipate hewa. Kando yake kulikuwa na kalibu ya Monga, kile kisanduku cha mbao cha kufyatulia. Kwa mchezo tu, Déborah alitia tofali ndani ya kalibu. Likacheza kama jino bovu.

Akashika futi. Kalibu, sentimeta ishirini na nne. Tofali, ishirini na mbili na nusu. Urefu wa kwenda juu nao ulikuwa umepungua. Udongo ulisinyaa kwa jua na moto, naye alikuwa ameipa mashine vipimo vya kalibu! Akabadilisha tarakimu. 20,561.

Alipanda baiskeli, tofali kwapani, mbio hadi tanuruni.

"Tonton, musiwashe!" alimpigia mjomba wake kelele.

Monga alikuwa anapaka tope upande wa mwisho wa tanuru. "Mama injinia, weye tena? Iko nini?"

"Zitapunguka elfu mbili na mia tano! Niliandika vipimo ya kalibu!"

Monga akacheka mpaka akaacha tope. "Uliniomba kalibu, nikakupatia kalibu. Ungeomba tofali, ningekupatia tofali!"

"Sasa tunafanya namna gani?"

Wote wawili wakageuka. Pale chini ya majani makavu kulikuwa na matofali mabichi elfu tatu, yamekauka vizuri, yanangoja tanuru la kiangazi kijacho.

"Zile hapana," Monga akasema upesi. "Njo za kuisini ya Kabedi."

Kabedi, mke wake, mwenye jiko hilo lisilojengwa bado, alikuwa amesimama na makaa kwenye sufuria, tumbo limemtangulia. Mtoto alitarajiwa Januari.

"Monga," alisema, "sasa miye nitazalia mu kuisini?"

Akaweka sufuria chini, akaanza kufunua majani. Monga akapanda juu ya tanuru, akinyoosha mikono, na matofali yakaanza kurushwa, mawili mawili, Déborah akihesabu kwa sauti ya juu kama mtu anayeshangilia mpira.

"Kuisini yangu utaichora weye," Kabedi akamwambia huku anapumua kwa nguvu.

"Na dirisha kubwa, Tantine! Kubwa sana! Utaona matofali inavyokimbia!"