Shikamoo ya Mwenye Uso Mpya

Usipoamini sitakulaumu, lakini mimi nilikuwepo, macho makavu, sijalala wala sijalewa. Yalinipata Irving, mji wa Texas huku Marekani, saa saba mchana, miaka ile ya tisini nilipokuwa nikifanya kazi uwanja wa ndege.

Shabani, mtoto wa mdogo wangu, alifungwa hukuhuku Texas kwa wizi. Alikuwa na kovu la kisu, kutoka sikioni hadi mdomoni. Gerezani madaktari walimpasua uso wakaliondoa. Walisema mfungwa akitengenezwa sura atapata kazi akitoka, hatarudia uhalifu. Aliniandikia kwa furaha. Sikumjibu, wala sikuwahi kwenda kumwona. Nilimwonea aibu.

Basi, siku hiyo mlango uligongwa. Kijana mwenye shavu laini alisimama pale, ameshika mfuko wa karatasi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Sikuitikia. Alinieleza kwamba ameachiwa kwa masharti: asipopata ndugu wa kumpokea, anarudishwa ndani. Nikamwambia Shabani wangu ana kovu, yeye simjui. Uongo mtupu. Sauti niliitambua tangu neno la kwanza. Ule uso mpya ulinipa kisingizio tu, nikafunga mlango.

Haikupita nusu saa, ukagongwa tena. Nilipofungua, nywele zilinisimama. Shabani yuleyule, mfuko uleule, lakini kovu limerudi, bichi, nyuzi za daktari zinaning'inia.

"Na huu je, unaujua? Shikamoo, baba mkubwa."

Wewe ungefanyaje? Simu ikalia jikoni. Niligeuka mara moja tu, na nilipotazama tena mlangoni hapakuwa na mtu. Kwenye simu alikuwa polisi: kijana amegongwa na gari barabara kuu, amefariki, mfukoni ana namba yangu. Nikauliza amegongwa saa ngapi. Akasema dakika ishirini zilizopita.

Nilimwosha mimi, pamoja na wazee wawili wa msikitini. Wao waliona shavu laini. Vidole vyangu, Mungu ni shahidi, vilipita juu ya kovu.

Nilihamia Houston, nikapanga mtaa wa Sharpstown. Haikusaidia. Kila siku saa saba mchana mlango unagongwa, na sauti ile inaniamkia. Naitikia marahaba, hata mara kumi. Haimtoshi.

Kwa hiyo nakusihi: ukiamkiwa, itikia kwanza. Uso utautazama baadaye.