Msalaba wa Kona ya Duka la Dawa

Fidencio Arce huwatembeza wageni katikati ya mji wetu kwa miguu, kuanzia bandarini zinapotia nanga zile meli zao kubwa hadi uwanja wa kanisa. Mahotelini wana ufuo wao wa mchanga. Huku kwetu kuna mitaa ya zamani, roshani za chuma, soko la nyama, na kona yangu ninapouza mapapai na matango ya ndimu na pilipili. Kila anaposimama ana hadithi, na kila hadithi huimaliza kwa kuvua kofia. Kofia ikitoka kichwani wageni wanajua zamu yao: makofi, kisha noti. Ana sauti nzuri, mshenzi yule. Hata mimi huacha kumenya nikamsikiliza.

Yadira, binti yake wa pekee, alifia kwenye kona yangu. Alikuwa anafunga duka la dawa alikoajiriwa, wakapita watu wawili kwa pikipiki wakimfyatulia risasi mtu mwingine. Yule mtu alikimbia. Yadira akaanguka. Mimi ndiye mama yake wa ubatizo, kwa hiyo mama yake, Refugio, ananiita komadre, nami namwita hivyo hivyo. Kwetu mtu aliyekufa kwa ghafla huwekewa msalaba pale damu ilipomwagika, mbali na ule wa makaburini, maana roho imekatiziwa njiani na inahitaji pa kukaa. Fidencio alichomelea msalaba mdogo wa chuma, akausimika chini ya ukuta. Jina hakuandika.

"Nani asiyemjua?" alisema.

Wageni hawakumjua. Msimu huo huo wa meli mama mmoja mwenye kofia pana aliuliza msalaba ule ni wa nani. Ofisi inayomlipa Fidencio imepiga marufuku habari za risasi; mtembezaji akizitaja, hana kazi. Nilimwona akiinua macho kwenye roshani ya juu yake. Kisha akasema ni wa baharia wa zamani, aliyekufa kwa mapenzi chini ya roshani hii. Akavua kofia. Wakapiga makofi.

Nilimngoja arudi.

"Baharia gani, Fidencio? Huna hata haya?"

"Ulitaka niseme nini, Doña Licha?"

"Ungenyamaza!"

"Nikinyamaza wanauliza tena."

Nilimnunia wiki nzima, hata papai nikamnyima. Lakini wakubwa wa mahoteli walipotuma mafundi kung'oa misalaba yote ya katikati ya mji, eti inawatisha wageni, ule wa Yadira uliachwa. Wageni walikuwa wameupenda. Wachumba walikuwa wakiuwekea maua.

"Unaona?" Fidencio akaniambia. "Yupo pale pale."

Nikamkatia papai.

Refugio ana magoti mabovu, hateremki mjini ila siku ya wafu, tunapowapelekea marehemu wetu maua na vyakula walivyovipenda. Aliposikia kwamba watu asiowajua wanamwekea mwanawe maua, alilia kwa furaha. "Watu wazuri hao, komadre," alisema. Nani angekuwa na moyo wa kumweleza?

Mwaka huu, siku ya wafu ikikaribia, wakubwa wale wale waliung'oa ule wa chuma, wakaweka mpya wa shaba unaong'aa, na juu yake kibao: HAPA ALIANGUKA BAHARIA KWA AJILI YA MAPENZI. Nilimuuliza fundi ule msalaba wa zamani uko wapi. Akasema umekwenda na vyuma chakavu. Fidencio alifika na kundi lake, akakisoma kibao, akakisoma tena. Wageni walikuwa wanamngoja. Akawapa hadithi yao.

"Mwambie mkeo," nilimwambia.

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Refugio alikuja na kikapu cha maua ya manjano, mkate wa wafu, na peremende za ukwaju alizozipenda Yadira. Akautafuta msalaba wa chuma chini ya ukuta, akakuta kibao.

"Komadre, mwanangu wamempeleka wapi?"

Kabla sijajibu, Fidencio akatokea na kundi. Kijana mmoja mwenye kamera akamuuliza huyu bibi ni nani. Fidencio akamtazama mkewe. Lugha ya wageni Refugio haijui; mimi naisikia, nimewauzia matunda miaka na miaka.

"Huyu ni mke wangu," alisema. "Baharia hakuwepo. Hapa alipigwa risasi binti yetu. Anaitwa Yadira. Alikuwa anafunga duka ili arudi nyumbani kula."

Aliyasema kwa sauti ile ile nzuri. Katika lugha yao hana sauti nyingine. Machozi yakamtoka, na akavua kofia, kama mtu yeyote anavyovua mbele ya wafu wake.

Wakapiga makofi. Kijana wa kamera akapiga na mbinja. Mama mmoja akainama, akaweka noti kwenye kikapu, juu ya maua.

Refugio aliishika ile noti, akanigeukia.

"Komadre," aliniuliza, "mbona wanapiga makofi?"