Nyundo ya Mlangoni

Mtunza makumbusho wetu hukohoa kidogo kabla ya kusoma chochote kwa sauti, kana kwamba anapiga hodi. Vyumba vyake ni viwili, zamani vilikuwa stoo ya posta, na vidole vyake havikosi wino, maana vikaratasi vya maelezo huviandika kwa mkono. Kila aliyeleta kitu humsomea kwanza. Akikubali, ndipo anabandika. Nyundo kubwa ya mlangoni ina chake: “Ilibomoa nyumba kumi na saba za mtaa huu, kwa amri ya halmashauri.” Halmashauri wamekibandua mara mbili, naye kila mara ameandika kingine kwa herufi kubwa zaidi, hadi sasa kinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Juzi alikuja afisa wao kijana. “Mama, andika tu ‘nyundo ya kazi’, yaishe.”

“Kazi gani, mwanangu?”

Hakungoja jibu. Alitandaza karatasi iliyojaa meza, akakohoa, akaanza kuandika wenye nyumba huku akiwasoma mmoja mmoja. Baada ya watatu alisimama, akamnyooshea afisa kalamu.

“Nyumba ya nne ilikuwa ya bibi yako. Jina lake liandike wewe.”