Jina la Lusia kwenye Fomu ya Kibali

Lusia alikuja kwenye mtambo wangu wa kuchenjua dhahabu, nje kidogo ya Masumbwe, kuomba kazi ya jikoni. Alikuwa mjane wa Ushirombo, na cheti chake cha kidato cha nne alikikunja ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Nilipomtajia mshahara hakuguna kama wengine.

"Nipunguzie hata huo, Baba Meshack," akasema, "ila nikimaliza kupika unifundishe mtambo."

Sijawahi kukataa mtu anayejipunguzia mshahara. Tena alinifaa kwa jingine. Nilikuwa namwombea kibali Takura, fundi wangu kutoka Zimbabwe. Kibali cha kuajiri mgeni kina mwisho, miaka miwili, na fomu inadai jina la Mtanzania atakayefundishwa mpaka ashike nafasi hiyo. Nikaandika la Lusia. Akasaini kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Masika nilimwambia asubiri mvua zikatike. Kiangazi nikasema mchanga wa kuchenjua ni mwingi, Takura hana nafasi. Vijana wa kwenye matangi wakambandika jina: Injinia wa Ugali.

"Injinia, leo maharage yamechenjuka?"

"Yamechenjuka. Dhahabu mlikula jana."

Wakicheka wao, yeye alinitazama mimi. Mwaka wa pili hakuniuliza tena.

Kibali kilipobakiza wiki tatu, afisa kazi alikuja kumwona huyo mwanafunzi kabla ya kuongeza muda. Nilimtoa Lusia jikoni, nikamvika kofia ngumu ya Takura, nikamwambia aseme amefundishwa.

"Kaboni ya kunasa dhahabu inakaa tangini muda gani ndipo itolewe?" afisa akamuuliza.

Mikono ya Lusia ilikuwa na unga hadi viwiko. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, na alijua.

"Nimefundishwa, Mama. Kichwa changu ndicho kizito."

"Miaka miwili yote?"

"Yote. Bosi amejitahidi."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nilikohoa tu. Afisa aliandika kwamba aliyeandaliwa ameshindwa, na Takura aongezewe mwaka mmoja. Nikasaini.

Jioni nilimfuata jikoni.

"Kwa nini ulisema vile?"

"Ulitaka nikuaibishe mbele ya mgeni?" Akaendelea kuosha sufuria.

Mwezi uliofuata aliniomba barua. Mtambo mmoja wa Nyahanga ulikuwa unatafuta watu wa kujifunza kazi. Ningeandika nini, na saini yangu ilishasema alifundishwa akashindwa? Niliandika kwamba ni mpishi mwaminifu. Aliisoma mara mbili, akaikunja pale pale kwenye kitabu cha nyimbo. Nyahanga wakampa kazi ya jikoni.

Mwaka wa Takura unaisha Juni. Fomu mpya iko mezani kwangu, na kila kijana ninayemwomba jina lake ananiuliza Lusia yuko wapi.